KIPINDUPINDU: TUHESABU TULIVYO NAVYO KABLA HAKIJAFIKA

Somo la afya kwa madarasa ya kisomo

Na mganga msaidizi wa zahanati, Mkoa wa Singida

Ndugu msomaji, somo letu la leo linahusu kipindupindu. Lakini hatutaanza na ugonjwa wenyewe. Tutaanza na maswali. Leo usiku, saa nane, jirani yako akianza kuharisha maji na kutapika, utamwita nani? Pikipiki ipo kwa nani? Nani ana simu yenye chaji? Nyumba gani ina sukari na chumvi? Je, yapo maji yaliyochemshwa?

Niliuliza maswali haya katika darasa la kisomo la kijiji ninachofanyia kazi. Wanakisomo kumi na tisa walikuwapo jioni ile. Kwanza walicheka. Kisha wakaanza kubishana. Mmoja alisema pikipiki ipo kwa fulani. Mwenzake akasema fulani huyo amehamia Itigi tangu mwezi uliopita, na pikipiki ameondoka nayo. Mama mmoja alisema dukani kuna sukari. Akajibiwa kuwa mwenye duka hulala kijiji cha pili, na ufunguo huondoka nao. Tulibishana saa nzima. Mwishoni tuliona kwamba kijiji chetu kina vitu vingi vya kuokoa mtu, ila hakuna mtu hata mmoja anayejua vyote vilipo.

Kwa ugonjwa mwingine hilo si tatizo kubwa sana. Utauliza leo, utajibiwa kesho. Kipindupindu hakingoji kesho. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza maji lita moja kwa saa moja. Mtu mzima mwenye nguvu, aliyelima jana, anaweza kufa kabla ya jua kuzama.

UGONJWA HUU UMETOKA WAPI

Ugonjwa ukienea katika nchi nyingi kwa wakati mmoja huitwa janga la dunia. Kipindupindu kimekuwa janga la dunia mara saba. Janga hili la saba lilianza mwaka 1961 huko Indonesia. Mwaka 1970 lilifika Afrika. Mwaka 1974 lilifika Tanzania. Wazee wanaukumbuka zaidi mwaka 1977, mwezi Oktoba, ugonjwa ulipozuka Rufiji na baadaye kuenea mikoa mingine. Janga hilo la saba halijaisha hadi leo. Hupumzika, kisha huamka mahali pengine.

Mwezi Agosti mwaka 2015 liliamka Dar es Salaam. Hadi mwezi Aprili mwaka 2016 lilikuwa limefika mikoa 23 ya Tanzania Bara, na Zanzibar pia. Watu zaidi ya 24,000 waliugua na zaidi ya 370 walikufa. Mwanzoni mwa mwaka 2024 kipindupindu kilikuwa Simiyu na Shinyanga. Hao ni majirani zetu. Mtu wa Meatu akitaka kuja mnadani Mkalama halazimiki kupanda ndege.

Wengine husema, "Huku kwetu ni kukavu. Kipindupindu ni cha watu wa pwani na wa ziwani." Hilo si kweli. Ukame wetu ndio unaotuweka hatarini. Kiangazi kikizidi, visima vingi hukauka. Watu wa vitongoji vitatu, pamoja na ng'ombe na punda wao, hukusanyika kwenye shimo moja la mchangani mtoni. Mtu mmoja mwenye vijidudu akilichafua shimo hilo, vitongoji vyote vitatu vimekunywa. Kisha mvua ya kwanza ya Novemba au Desemba hushuka, na kila kilichoachwa vichakani huoshwa na kupelekwa mabondeni, huko huko tunakochota.

Kipindupindu huletwa na kijidudu kidogo sana kisichoonekana kwa macho. Kijidudu hicho hukaa katika mavi na matapishi ya mtu aliyeambukizwa. Humwingia mtu mwingine kwa njia ya mdomo, yaani kwa maji, kwa chakula au kwa mikono michafu. Tangu kijidudu kiingie hadi mtu aanze kuharisha ni saa chache, au siku tano hivi. Tena watu wengi walioambukizwa hawaugui kabisa, au huharisha kidogo tu. Hao hutembea, husafiri na huingia vichakani kujisaidia wakiwa wazima, huku wakieneza ugonjwa. Kwa hiyo usimtafute mtu wa kumlaumu kwamba ndiye aliyeleta. Hata wewe unaweza kuwa ndiye.

Dalili yake ni kuharisha maji mengi ghafla, mara nyingi bila maumivu makali ya tumbo. Maji hayo hufanana na maji yaliyooshea mchele. Kutapika hufuata. Kisha mwili hukauka. Macho huingia ndani, mdomo hukauka, mkojo hukatika, miguu hukaza na kuuma. Ukiifinya ngozi ya tumbo na kuiachia, hairudi upesi.

MAJI, CHUMVI NA SUKARI

Kipindupindu huua kwa kumkausha mtu. Basi dawa ya kwanza ni kumrudishia maji na chumvi alivyopoteza. Jambo hili ni rahisi kulisema, lakini watu wengi bado wanaamini kwamba mtu anayeharisha asipewe maji, eti yataongeza kuharisha. Ndugu msomaji, imani hiyo imezika watoto wengi. Mgonjwa anywe. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha mpe tena polepole, kijiko kimoja kimoja.

Nataka niwasimulie jambo lililotokea mbali. Mwaka 1971 kulikuwa na vita katika nchi ambayo sasa inaitwa Bangladesh. Mamilioni ya watu walikimbilia India. Katika kambi za wakimbizi kipindupindu kilizuka. Mahali paitwapo Bangaon kulikuwa na daktari jina lake Dilip Mahalanabis. Dripu zilikuwa zinakwisha, na wagonjwa walikuwa wamelala sakafuni. Daktari huyo aliamua wachanganye maji, chumvi, soda na sukari ya glukosi katika mapipa. Maji hayo wakapewa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe kwa vikombe. Kabla ya hapo, katika kila wagonjwa 100 walikufa karibu 30. Baada ya hapo walikufa chini ya wanne. Walionywesha hawakuwa madaktari. Walikuwa mama, baba, dada na kaka wa wagonjwa.

Mchanganyiko wa namna hiyo ndio ule unga ulio katika paketi za ORS tunazogawa zahanati. Hapa lazima nikiri kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza kazini alikuja mama mmoja na mtoto wa mwaka mmoja anayeharisha. Nilikuwa na foleni ndefu. Nikampa paketi mbili za ORS, nikamwambia, "Nenda ukamchanganyie na maji anywe." Kesho yake alirudi. Mtoto alikuwa na kiu kali na analia bila machozi. Nilipomwuliza alivyochanganya, alinionyesha kikombe cha chai. Paketi nzima alikuwa ameitia katika kikombe kimoja. Chumvi ikizidi namna hiyo ni hatari kwa mtoto. Tulimtibu, akapona. Yule mama hakukosea. Mimi sikumwonyesha kipimo, wala sikumwuliza kama anajua kusoma maandishi ya paketi.

Tangu siku hiyo, kila ninayempa paketi huisoma mbele yangu, au namsomea. Paketi nyingi ni za lita moja. Ziko pia za nusu lita. Ukikosea kuzisoma, dawa itakuwa kali mno au nyepesi mno. Ewe uliyehitimu kisomo, hii ndiyo kazi ya kusoma kwako. Watafute majirani wasiojua kusoma, uwasomee paketi.

Kipimo cha lita moja tunakipata wapi? Chupa ya maji ya dukani imeandikwa ujazo wake. Iko ya nusu lita, ya lita moja na ya lita moja na nusu. Soma kwanza. Chupa ya bia iliyoandikwa mililita 500 ni nusu lita, basi mbili ni lita moja. Weka alama kwenye sufuria au ndoo ya nyumbani kwa msumari, ili usiku usitafute chupa.

Kama paketi hazipo, tengeneza nyumbani. Chukua lita moja ya maji safi. Tia vijiko sita vya chai vya sukari, visawazishwe, visiwe vya mlima. Tia nusu kijiko cha chai cha chumvi. Koroga mpaka viyeyuke. Kisha onja. Yasiwe na chumvi kuliko machozi. Yakizidi machozi, yamwage uanze upya. Maji haya, na yale ya paketi, yasikae zaidi ya siku moja.

Mtoto chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha. Wa miaka miwili hadi kumi, nusu kikombe hadi kikombe kimoja. Mkubwa anywe kadiri anavyoweza. Anayenyonya aendelee kunyonya. Na wakati unamnywesha, safari ya zahanati ianze. Usingoje uone kama atapata nafuu. Mgonjwa aliyekauka sana anahitaji dripu, na hiyo haipo nyumbani. Akitibiwa mapema, katika wagonjwa 100 hafi hata mmoja, au pengine mmoja tu. Asipotibiwa, kipindupindu kikali huua robo hadi nusu ya wagonjwa.

TULIVYOHESABU KIJIJI CHETU

Sasa turudi darasani. Baada ya yale mabishano, mwalimu wetu wa kisomo alitoa daftari jipya. Tukakubaliana kuandika kila kitu kinachoweza kufaa wakati wa ugonjwa. Kazi hiyo ilichukua jioni nne.

Jioni ya kwanza tulichora ramani ya kijiji chini, uwanjani, kwa fimbo. Vitongoji, njia, visima, shule, zahanati, duka, nyumba za ibada. Mawe yalikuwa nyumba. Majani yalikuwa vyoo. Tulipomaliza, kitongoji kimoja kilikuwa na mawe mengi na majani machache sana. Wenyeji wa kitongoji hicho walinyamaza, nami sikusema neno, maana mchoro ulikuwa umeshasema.

Ramani kama hiyo ilifanya kazi kubwa zamani. Mwaka 1854 kipindupindu kilizuka katika mtaa mmoja wa London, Uingereza. Wakati ule watu wengi waliamini kwamba ugonjwa huu huletwa na hewa yenye harufu mbaya. Daktari John Snow alikwenda nyumba kwa nyumba akauliza nani amekufa na alikunywa maji ya wapi. Baadaye aliweka alama za vifo kwenye ramani. Alama nyingi zilizunguka pampu moja ya maji katika barabara ya Broad Street. Hata kabla ya ramani hiyo alikuwa amewaeleza viongozi wa mtaa, nao walikuwa wameondoa mpini wa pampu ile. Hakuweza kukiona kijidudu chenyewe ndani ya maji yale. Alikuwa na miguu ya kutembea, maswali na karatasi.

Jioni ya pili na ya tatu tuliandika usafiri na vyombo. Tulipata pikipiki tatu zinazotembea, mikokoteni miwili ya punda na baiskeli nyingi. Tulipata mapipa matatu shuleni ambayo hakuna aliyeyafikiria, kwa kuwa yalikuwa nyuma ya stoo yamejaa magunzi. Tulipata machela moja ya zamani. Simu zilikuwa nyingi, lakini mahali pa uhakika penye mtandao ni juu ya jabali lililo karibu na kanisa. Wenye sola ya kuchajia walikuwa sita. Tuliandika majina ya wote hao na kitongoji cha kila mmoja.

Mafuta ya pikipiki yalileta ubishi. Mwenye pikipiki alisema haki yake: "Nitampeleka mgonjwa bure, lakini pikipiki yangu hainywi maji." Tukaamua kila kitongoji kitoe debe moja la alizeti wakati wa mavuno. Alizeti iuzwe, fedha ikae kwa mtunza hazina wa kijiji, iwe ya mafuta ya kubebea wagonjwa tu. Mkutano wa kijiji ulikubali. Sisemi kwamba kila kijiji kifanye hivyo. Wengine wana vitunguu, wengine wana kuku. Lakini jambo la mafuta liamuliwe mchana, watu wakiwa na akili zilizotulia. Usiku wa ugonjwa si wakati wa kuchangishana.

Jioni ya nne tuliandika watu. Mhudumu wa afya wa jamii ni nani, na hukaa wapi? Wakunga wa jadi ni kina nani? Nani amewahi kufundishwa kutia dawa kisimani? Mgambo gani watalinda kisima kikifungwa? Nani ana sauti ya kupiga mbiu? Mama mmoja mzee alisema, "Mmewasahau watoto wa shule. Hao ndio wanaofika kila nyumba." Alisema kweli.

MAJI YA KUNYWA NA KUNI ZILIZOPUNGUA

Kila mara tunaambiwa tuchemshe maji. Ni sawa. Maji yakitokota na kurusha mapovu makubwa, kijidudu kimekufa. Lakini sisi wa Singida tunajua kuni zinatafutwa mwendo gani. Mama aliyetembea saa mbili kutafuta kuni za ugali, ukimwambia achemshe ndoo tatu kila siku, ataitika kwa adabu, na hatachemsha. Basi tuzijue njia nyingine pia.

Vipo vidonge vya kutia katika maji. Vingi ni kidonge kimoja kwa ndoo ya lita 20, lakini soma paketi kwanza. Maji yenye tope yachujwe kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, ndipo utie kidonge. Funika, ungoje nusu saa.

Njia nyingine ni jua, ambalo kwetu halina bei. Chukua chupa ya plastiki nyeupe inayoona ndani, isizidi lita mbili. Jaza maji yasiyo na tope. Ilaze juu ya bati kuanzia asubuhi, ikae juani saa sita. Kama kuna mawingu mengi, iache siku mbili. Njia hii haitoshi maji ya kupikia jamaa nzima, ila kwa maji ya kunywa ya watoto inafaa.

Ukishayasafisha maji, usiyachafue tena. Chota kwa kata yenye mpini, mkono usiguse maji.

Kuhusu mikono, kila mtu anakijua kibuyu chirizi. Mwezi Machi mwaka 2020, UVIKO-19 ulipoingia nchini, vibuyu chirizi vilining'inia kila mlango, shuleni, dukani na kilabuni. Nenda leo ukavitazame. Vingi vimebaki kamba tupu. Mtu hakosi dumu la zamani wala kamba, kwa hiyo kisingizio sikioni. Sabuni ikikosekana, tumia majivu. Nawa ukitoka chooni, ukimsafisha mtoto, kabla ya kupika na kabla ya kula.

Juu ya choo nitasema machache, kwa kuwa yamesemwa tangu kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, wakati watu wapatao milioni mbili walisikiliza redio katika vikundi na kuchimba vyoo. Choo kiwe mbali na kisima, hatua arobaini kubwa au zaidi. Kiwe na mfuniko. Na kitumiwe. Nimeona vyoo vizuri vimewekwa kuni.

HABARI ZA KILA SIKU NA UVUMI

Ugonjwa ukishaingia kijijini, watu wanahitaji habari kama wanavyohitaji maji. Wasipopata habari ya kweli, watakunywa uvumi. Katika kijiji kimoja nilichowahi kufanyia kazi, ilisemekana kwamba dawa inayotiwa kisimani inafunga uzazi. Kwa siku mbili akina mama walichota maji bwawani. Nilipiga kelele mkutanoni mpaka sauti ikakauka, sikusikilizwa. Mimi ni kijana, tena sina mtoto. Aliyemaliza uvumi ule ni mkunga mzee. Nilimwendea jioni, nikamwamkia shikamoo, nikamweleza dawa ile ni nini na kwamba maji ya bomba ya mijini hutiwa dawa hiyo hiyo. Aliniuliza maswali mengi. Asubuhi alikwenda kisimani, akachota, akanywa mbele ya wenzake na kusema, "Mimi nimepokea watoto wenu wote. Ningekubali mfungwe uzazi, ningekula wapi?" Wakacheka, wakachota.

Kwa hiyo uvumi usipigwe marufuku tu. Utafutiwe jibu, na jibu hilo litolewe na mtu anayeaminiwa.

Habari za kila siku ziandikwe kwenye ubao wa matangazo. Kila balozi au mwenyekiti wa kitongoji alete hesabu ya wagonjwa wapya kila asubuhi. Mwanakisomo mwenye mwandiko mzuri aandike. Mfano wa tangazo ni huu:

TANGAZO LA AFYA
Tarehe 12 Januari, saa 1 asubuhi
Wagonjwa wapya wa kuharisha: Kitongoji cha Mlimani 2. Kitongoji cha Shuleni 0. Kitongoji cha Mtoni 5.
Kisima cha mtoni kimefungwa. Maji yachotwe kwenye bomba la shule.
ORS zipo zahanati na kwa mhudumu wa afya. Hazilipiwi.
Pikipiki ya zamu leo ipo kwa fundi baiskeli.
Tangazo lijalo: kesho saa 1 asubuhi.

Lazima liwe na tarehe. Tangazo la zamani libanduliwe, maana mtu akisoma la juzi atakwenda kwenye kisima kilichofungwa. Na tazama, majina ya wagonjwa hayakuandikwa. Idadi na kitongoji vinatosha. Jina la mtu likiandikwa ubaoni, jirani yake ataficha mgonjwa wake ndani, na mgonjwa aliyefichwa ndiye anayekufa. Wasiojua kusoma wasomewe kisimani na kwenye nyumba za ibada. Wenye spika msikitini na kanisani wasaidie. Pia mtu yeyote mwenye simu anaweza kupiga namba 199 ya Wizara ya Afya na kuuliza.

Mgonjwa wa kwanza tu akishukiwa, zahanati ijulishwe saa ile ile. Mganga atajulisha wilaya. Msingoje wafike watano ndipo muamini.

MSIBA

Jambo hili ni gumu kuliko yote niliyoandika. Kwetu mtu akifa, watu hutoka mbali. Hukaa, hula pamoja, hulala. Kumzika mtu bila watu kula ni kama kumzika mgeni asiye na ndugu. Lakini maiti ya aliyekufa kwa kipindupindu bado ina vijidudu vingi. Aliyeiosha kwa mikono mitupu, kisha akaingia jikoni kupika ugali wa waombolezaji, anaweza kuupeleka ugonjwa vijiji kumi kwa siku moja.

Basi zahanati iitwe kabla maiti haijaoshwa. Watakuja wenye glavu na dawa. Wazee wa dini na wa ukoo wawepo, waseme yanayotakiwa kusemwa, mwili upewe heshima yake. Mazishi yasicheleweshwe. Chakula kisipikwe msibani. Nguo na mashuka ya marehemu zisifuliwe mtoni wala kisimani. Zitiwe dawa au zichemshwe.

Niliposema haya darasani, mzee mmoja alisimama akasema, "Mjukuu wangu, unataka tuwe watu wa namna gani?" Sikuwa na jibu la haraka. Wazee wenyewe ndio waliolijadili mpaka usiku. Walikubaliana kwamba wakati wa ugonjwa watu wazike na kuondoka, na matanga yafanywe baadaye, ugonjwa ukishatangazwa kuwa umekwisha. Rambirambi zipelekwe kwa mwenyekiti wa kitongoji, azifikishe kwa wafiwa. Uamuzi huo ungetoka kwangu usingeshika. Umeandikwa katika daftari, ukurasa wa mwisho, na wazee watatu wametia sahihi. Mmoja wao alijifunza kuandika jina lake mwaka huu.

KAZI YA DARASA

1. Choreni ramani ya kijiji chenu chini. Wekeni visima na vyoo. Kisima gani kiko chini ya mteremko wa choo?

2. Kila mwanakisomo alete paketi ya ORS au chupa yenye maandishi ya ujazo. Someni kwa sauti. Ni lita ngapi?

3. Changanyeni maji ya chumvi na sukari darasani. Kila mmoja aonje. Je, yamezidi machozi?

4. Andikeni majina ya wenye pikipiki, mikokoteni na simu katika kitongoji chenu. Nani atalitunza daftari hilo, na usiku linapatikana nyumba gani?

5. Mnada wenu ni siku gani? Watu hunywa maji ya wapi siku hiyo, na hujisaidia wapi?